Kadhi Haombi Radhi

Nikisema Kadhi, vijana wananikata kauli hapo hapo: bibi, mwanamke atakuwaje kadhi? Alikuwa kadhi wa mchezo, nawaambia, tulieni nimalize. Hakuwahi kufungisha ndoa wala kugawa mirathi. Alihukumu wanawake waliokaa uani wakisuka ukili, hapa Ngamiani, Tanga, miaka ile ambayo duka lilikuwa na mwenye duka na mizani yake, basi. Jina lake nalijua, na wanawe wapo, kwa hiyo nitaliacha lilipo.

Tulikutana uani kwake tukishaswali alasiri, tukakaa mpaka karibu na maghrib. Kila mmoja na furushi lake la ukindu, ulioshachanwa na kutiwa rangi, mikono inakwenda yenyewe, mdomo hauna kazi. Na mdomo usio na kazi miaka ile ulirudi palepale: sukari imeshuka duka fulani, foleni ilianza alfajiri, niliweka jiwe langu la kushika nafasi wameliondoa, nimerudi mikono mitupu. Kila siku hayo. Mtu anatoka kwake kuikimbia shida, anaikuta imeshakaa mkekani inamsubiri.

Siku moja yeye, kabla hajawa Kadhi, akasema bila hata kuinua macho, "Kuanzia leo, kisichokuwepo dukani hakitajwi hapa. Atakayekitaja ana kosa." Tukacheka, tukanyoosha mikono, ikapita. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza.

Mchezo wenyewe tukauita Serikali. Kila anayekaa mkekani ana haki ya kuleta sheria. Wengi wakinyoosha mkono imepita, na tangu hapo inambana kila mtu, hata yule aliyeikataa. Kuandika hakuna, kila mtu abebe kichwani mwake, na kusahau si utetezi. Tulipitisha sheria za kiwendawazimu, wallahi. Ilikuwepo moja kwamba mtu akipiga chafya, aliye kuliani kwake asimame. Jirani mmoja mwenye mafua alitusimamisha wiki nzima mpaka tukaifuta. Tukagawana vyeo pia. Yeye akawa Kadhi kwa sababu hakusahau kitu, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kugombea naye. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, mke mpya mtaani, nikapewa Askari. Kazi yangu kuona hukumu inatekelezwa, kazi ambayo niliipenda mno, maana nyumbani kwa wakwe zangu hakuna aliyenisikiliza.

Hukumu zilikuwa nyepesi kwa kosa jepesi: geuza kanga yako nje ndani, chota maji ya Kadhi, chana ukindu wa mwenzio. Lakini hukumu yoyote haikwisha mpaka utoe Radhi Kamili. Unapiga magoti kwenye pindo la mkeka, unataja kosa lako, na katika maneno yako lazima uyatie maneno matatu atakayokupa Kadhi, yoyote ayatakayo. Baraza likiridhika linajibu kwa pamoja, "Tumekuridhia." Lisiporidhika, unaanza upya. Namkumbuka mmoja aliyetaja sabuni akapewa jongoo, mkwe na ndoo. Akasema, "Nimekosa kama jongoo aliyemkuta mkwe wake anaoga, akajificha kwenye ndoo ileile ya maji." Tulicheka mpaka mtoto aliyelala ndani akaamka. Radhi ile ilikumbukwa miaka, na kosa lenyewe hakuna aliyelijali.

Kulikuwa na sheria nyingine iliyonisaidia sana mimi kama Askari: radhi kwanza, maelezo baadaye. Kabla yake kila mkosaji alikuwa wakili. Mara sikusema hivyo, mara nilikusudia vile, jua linazama tunabishana. Kadhi ndiye aliyeileta. Alisema, "Omba radhi, halafu tueleze mpaka uchoke, tutakusikiliza." Ilionekana sheria ya busara. Hata sasa nikiifikiria naiona ya busara, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Msidhani alikuwa mkali hivyo siku zote. Nje ya mkeka alikuwa mwongo wa kupendeza. Umri wake aliusema anavyotaka, kwa wageni alijipunguzia, kwa vijana wa foleni alijiongezea ili apishwe. Aliogopa radi, ikinguruma aliingia uvunguni mtu mzima na heshima zake. Watoto wa mtaa waliiba mapera yake na yeye akawaonyesha tawi lililokomaa. Lakini akikaa mkekani, akishatia tambuu shavuni na kukohoa mara moja, ungemwona amekuwa mtu mwingine. Neno lake lilikuwa moja: "Neno limetoka." Ukilia, ukicheka, ukimbembeleza, "Neno limetoka."

Niliwahi kumwuliza kwa nini anaushika mchezo hivyo. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anaswali. Akasema, "Askari, huko nje mtu analala na sheria moja anaamka na nyingine, kaisikia redioni. Ya kwetu tumeinyooshea mkono wenyewe mchana kweupe. Nayo tuichezee?" Mume wangu siku zile alikuwa anaficha kanga mbili za harusi yetu chini ya magunia, akiogopa msako, na hazikuwa za magendo hata kidogo.

Sasa niwaambie iliyokuja kutuponza. Siku moja Kadhi alikuwa anatusimulia ndoto, amealikwa harusi Pangani, sinia limeletwa, akafunua kawa. "Naona wali," anasema, "mchele mrefu mweupe." Mkeka mzima ukalipuka. Kadhi kataja mchele. Tulimsubiri siku nyingi akosee. Naye, kabla hatujamfikisha popote, akainua kidole: "Naleta sheria. Kadhi haombi radhi. Na sheria hii haifutwi ila kwa kauli ya wote waliokaa hapa leo, mmoja asikosekane." Ujanja mtupu. Tulikuwa tumeshika mbavu, na mikono ikanyooka. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Mpemba.

Mpemba alikuwa shoga yake wa ndani. Alikuja mjini na mumewe, ambaye mwezi mzima alikuwa mashamba ya mkonge, anarudi akipata nafasi. Mwanamke mwembamba, anacheka amejiziba mdomo na kiganja, na kwenye ukili hakuna aliyemfikia. Alisuka nakshi za kwao ambazo Kadhi alizifumua usiku ajifunze zilivyokwenda, halafu akakana. Walikula tambuu kwenye kijaluba kimoja. Mmoja akiumwa, mwingine ndiye aliyejibu salamu za wageni. Sisi wengine tuliona wivu, nasema kweli.

Alasiri ile Mpemba alikuja amechelewa, mtoto mchanga mgongoni, hata furushi hakubeba. Alikuwa ametoka bandarini kupokea salamu za kwao. Akakaa, akasema, "Jamani, mama kule Pemba ana sukari. Ana sukari nyingi."

Mungu atusamehe, tulicheka. Mmoja akasema, "Basi atugaie." Mwingine akamwuliza ni magunia mangapi. Kwetu sisi wakati ule sukari ilikuwa ya kutia kwenye chai, na haikuwepo. Ugonjwa wa jina hilo hatukuuzoea, ulikuwa wa wakubwa wa maofisini. Mpemba alitugeuzia uso mmoja mmoja. Nilimwona, lakini nilikuwa nacheka.

Kadhi akakohoa. "Neno limetoka."

"Nisikilizeni kwanza," Mpemba akasema.

"Radhi kwanza, maelezo baadaye. Sheria unaijua." Alikuwa anatabasamu, alidhani shoga yake analeta mzaha na yeye anaukamilisha. Akampa maneno matatu. Alimpa tende, asali na kicheko.

Mpemba akasimama pale, mtoto mgongoni, akimtazama. Kisha akasema, "Siombi."

Hapo mchezo ulikuwa haujawahi kufika. Asiyeomba radhi hukumu yake ilikuwepo, tuliipitisha zamani bila kufikiri kwamba kuna siku itatumika: afungwe kinywa. Akae mkekani asiseme, na akisema asisikilizwe, mpaka atakapoomba. Kadhi akaitamka. Tabasamu lilikuwa limemwisha. Mimi ndiye niliyekuwa Askari, nikasogea, nikamwekea Mpemba mkono begani, nikamkalisha.

Alirudi kesho yake. Hilo ndilo lililonishangaza na linanishangaza bado. Alikuja na furushi lake, akakaa pale pale, akasuka bila kusema. Kesho yake tena. Tulimtazama tukangoja aombe, mchezo uendelee. Nadhani yeye alikuwa anangoja aulizwe. Mtu angemsogelea tu akamwambia, shoga, una nini? Yangekwisha. Nilimwambia Kadhi faraghani aende nyumbani kwake, ni mtaa wa pili tu, hakuna sheria huko. Akanijibu, "Akiwa na radhi ataileta. Na mimi nina uso." Kwa hiyo mmoja alikuwa na uso na mwingine alikuwa na uso, na huko Pemba mtu anakufa.

Kisha siku moja hakuja. Nilipopita mlangoni kwake nikakuta komeo. Jirani yake akanieleza, tena kwa kunishangaa, kwamba sisi marafiki zake ndio hatujui. Mama yake alikuwa hoi na ugonjwa wa sukari, mguu umeoza. Alitaka kwenda kumwuguza na hana wa kumwachia watoto, mumewe yuko mashamba. Alikuja barazani siku ile kutuomba tumkalie watoto. Alipoona hatumsikii alingoja, alingoja, mwisho akawabeba wote akapanda nao chombo. Habari zilizorudi baadaye ni kwamba alifika mama ameshazikwa.

Nilimpelekea Kadhi habari hiyo mwenyewe. Alikuwa anapepeta unga. Aliendelea kupepeta kidogo, halafu akauweka ungo chini. "Alikuja kusema hivyo?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza tena, kama sikusikia vizuri, "Alikuja kusema hivyo, nami nikampa asali?" Nililia mimi. Yeye hakulia.

Alasiri iliyofuata alikaa mkekani akaleta hoja: ifutwe sheria ya Kadhi haombi radhi. Mikono yote ikanyooka kwa mara moja. Akatuhesabu kwa macho, akasema, "Haijapita. Mmoja hayupo." Tukamwambia, aa, Kadhi, huu ni mchezo, tuseme tu imefutwa. Hapo nilimwona amekasirika kweli. "Tulipokuwa tunamfunga kinywa hamkusema huu ni mchezo. Sasa mkinifungulia mimi bila yeye, tutakuwa tumemnyamazisha tena." Hatukuweza kumshinda. Alikuwa sahihi, na usahihi wake ulikuwa unamla.

Kila aliyevuka kwenda Pemba alipewa salamu: mwambieni anipe kauli yake, neno moja tu, nimeridhia. Wachukuzi wa karafuu waliichukua, mabaharia waliichukua, bi harusi mmoja aliolewa Wete akaichukua. Jibu halikuja. Wengine walirudi wakasema wamemwona, mzima, amewapikia, amewapokea vizuri. Mmeipeleka salamu? Tumeipeleka. Akasemaje? Hakusema kitu. Mmemkuta saa ngapi, hakuna kati yetu aliyefikiri kuuliza.

Mchezo ukaendelea kwa jina. Pale alipokuwa akikaa Mpemba hapakukaliwa. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo, ilitokea tu. Mgeni akienda kukaa hapo, Kadhi alimsogeza kwa mkono bila kusema. Mara nyingine katikati ya hukumu alisimamisha mambo, akageuka upande ule, akangoja, kama anayempa mtu nafasi ya kusema. Nasi tulingoja naye, mikono imesimama kwenye ukili. Itakuwa mnaniona nimezeeka, lakini nasema nilichokiona: ukimya wa pale ulikuwa na mtu. Hata kuku wa Kadhi walipita kando yake. Mmoja wetu aliacha kuja kwa sababu hiyo, akasema anaogopa.

Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Sukari ikarudi kwa magunia, sabuni za kila rangi, mchele wa nje, mitumba imemwagwa barabarani mpaka unakanyaga. Mtu angeweza kutaja chochote, kila kitu kilikuwepo. Sheria yetu ya kwanza ikakosa cha kukataza. Wenzetu wakashika biashara, huyu mitumba, huyu vitumbua, mikeka ya plastiki ikaingia, nani atasuka ukili miezi? Ua ukabaki na mimi na Kadhi. Tulikuwa tunakunywa chai. Yangu natia vijiko vitatu kulipiza kisasi cha miaka yote ile. Yake alikunywa kavu. Nilimwuliza daktari amemkataza? Akasema hapana, haimpiti kooni.

Miaka ikapita namna hiyo. Wenzetu wengine wakafariki, na kila akizikwa mmoja Kadhi alirudi kutoka msibani amepungua, maana kauli iliyotakiwa ilikuwa ya wote. Mimi nilimwambia siku moja kwa ukali kwamba sheria iliyobaki na watu wawili si sheria. Akasema, "Kosa limebaki na mtu mmoja, nalo ni kosa."

Ndipo akaja yule binti. Alikuwa amevuka kununua mitumba ya watoto akauze Chake, kule Pemba. Akauliza mtaani nyumba waliyokuwa wakikaa wazazi wake, akaletwa kwangu. Nilimjua kabla hajasema, namna alivyojiziba mdomo na kiganja. Ndiye aliyekuwa mgongoni siku ile. Nikamwuliza mama hajambo? Akasema mama ametangulia mbele ya haki, nao wameshazoea. Nilimshika mkono nikampeleka kwa Kadhi.

Kadhi alikuwa uani anashona pindo. Binti akampa shikamoo, akaketi. Msiba ukapokelewa, dua ikasomwa. Kisha Kadhi akamwuliza taratibu, "Mama yako aliwahi kututaja? Watu wa Tanga?"

"Hapana, bibi. Mama hakuwa msemaji. Tena alikuwa na nadhiri."

"Nadhiri gani?"

"Ya kutosema. Tangu nilipopata akili, akishaswali alasiri anakaa na ukili wake, basi hasemi. Ukimwuliza kitu anakutazama tu. Hata wageni. Ikiadhiniwa maghrib anaanza kuongea kama kawaida. Baba alituambia tusimuulize, ni lake yeye na Mola wake. Tuliizoea."

Kadhi ameshika sindano ya ukili hewani.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka mwisho. Alifariki alasiri, bibi. Tulimzunguka sote, tukangoja atuusie. Hakutuusia kitu. Shahada yake aliitoa kwa kidole."

Kadhi akaiweka sindano. Akashuka kutoka kwenye kibao, akapiga magoti kwenye sakafu, hapakuwa hata na mkeka, akamshika binti miguu. "Mwanangu, nilimkosea mama yako. Nisameheni." Hakukuwa na maneno matatu ndani yake. Binti aliruka, masikini, hajui kinachotendeka, akamwinua mzee wa watu kwa kwapa. "Bibi, usifanye hivyo. Mimi siye uliyemkosea. Mimi nilipita kusalimu tu." Akanitazama mimi nimsaidie. Baadaye kidogo akaaga, chombo chake kilikuwa kinaondoka na maji.

Tulipobaki wawili Kadhi akaniambia, "Nimevunja sheria."

"Umevunja," nikasema.

"Wewe ndiye Askari. Nihukumu."

Nilikuwa na hasira. Na mchezo, na yeye, na Mpemba wa watu aliyekaa kifungo peke yake ng'ambo ya maji na ufunguo anao mwenyewe, na mimi niliyemkalisha kwa mkono wangu huu. Nikamwambia, "Hukumu yako ni kusema. Kila alasiri utakuja kwangu, utakaa, na utasema. Yoyote. Mpaka nichoke mimi." Nilitaka kumpa nafuu. Nilidhani akishayasema yatamtoka.

Alikuja kesho yake, ametii. Nikatandika, nikamwekea chai kavu. Akakaa, akafungua mdomo, akaufunga. Nikamwambia, sema basi, Kadhi. Akanitazama. Mikono ikachukua ukindu ikaanza kusuka, na mimi nikangoja, nikangoja. Ilipoadhiniwa maghrib akajikung'uta kanga, akaniambia, "Nimechelewa, mwanangu," akaenda zake. Siku iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata, mpaka masika yalipomlaza kitandani. Aliusuka mkeka mzima uani kwangu. Kauli niliyomhukumu aitoe sikuisikia.